Mboni, Umri na Ukali wa Macho: Mwongozo Kamili wa Kulipima na Kulisaidia Jicho Lako

Chukua karatasi ngumu, hata kipande cha boksi, uitoboe katikati kwa pini hadi upate tundu la takriban milimita 1. Vua miwani kama unavaa. Funga jicho moja, sogeza tundu hilo karibu kabisa na jicho lililo wazi, kisha tazama maandishi ambayo siku hizi huyasomi bila kuhangaika. Kwa wengi waliovuka miaka 45, herufi zilizokuwa zimeyeyuka zitarudi kuwa herufi. Zitakuwa na giza kidogo, lakini zitasomeka.

Jaribio hilo dogo limebeba karibu kila kitu nitakachoeleza hapa. Mwanga huingia ndani ya jicho kupitia mboni, lile tundu jeusi lililo katikati ya mviringo wenye rangi. Upana wa mboni huamua mambo mawili yanayovutana: mwanga unaingia kiasi gani, na picha inayochorwa nyuma ya jicho, kwenye retina, ni safi kiasi gani. Umri unapopanda hugusa yote mawili kwa pamoja. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya anayeona maandishi yakimkimbia kila jua linapozama, na kwa ajili ya anayemtunza mzazi ambaye mchana huona vizuri lakini usiku hupapasa ukuta. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: watu hubadili miwani mara mbili tatu kabla ya kubadili taa, na ningependa taa itangulie.

Utahitaji ile karatasi yenye tundu, rula ya milimita, tepu ya kupimia, simu yenye kamera na tochi, ukurasa wenye maandishi madogo, na daftari la kuandikia majibu.

Hatua ya 1: Elewa kinachovutana kwenye mboni

Mboni ya kijana mwenye afya husinyaa hadi karibu milimita 2 kwenye jua kali, na hutanuka hadi milimita 7 au 8 gizani. Kutoka 2 hadi 8 kipenyo kimeongezeka mara 4, kwa hiyo eneo, na mwanga unaopita, umeongezeka mara 16. Huenda ukadhani ni nyingi. Lakini jua la adhuhuri linauzidi mwanga wa nyota kwa mamilioni mengi ya mara, na mara 16 haziwezi kuziba pengo hilo. Kazi kubwa ya kuzoea giza huifanya retina yenyewe. Mboni, zaidi ya kuchuja mwanga, huchunga usafi wa picha.

Tuanze na mboni pana. Chukua jicho lenye kosa la dayopta 1, yaani linalohitaji miwani ya namba 1 na halijavaa. Kila nukta ya mwanga itachorwa kwenye retina kama doa. Mboni ikiwa milimita 6, doa hilo lina upana wa karibu dakika 21 za pembe (dakika 60 hufanya digrii 1). Mboni ikiwa milimita 2, doa hushuka hadi dakika 7. Sasa kumbuka kwamba herufi ya mstari wa 6/6 kwenye chati ya kupimia macho, yaani ule unaosomwa na jicho linaloona kawaida, ina kimo cha dakika 5 tu. Jicho lile lile, kosa lile lile, lakini mboni pana hupaka doa la ukubwa wa herufi nne, na mboni finyu hupaka doa la herufi moja na ushei. Ndiyo maana asiyeona sawasawa hufinya macho: anatengeneza mwanya mwembamba kwa kope zake.

Mboni pana ina tatizo lingine ambalo miwani ya kawaida hailiondoi. Konea, ile kioo ya mbele ya jicho, pamoja na lenzi iliyo nyuma ya mboni, hazipindi mwanga kwa usawa kila mahali. Mwanga unaopita kwenye kingo hukutana mahali tofauti kidogo na ule uliopita katikati. Kosa la namna hii hukua kwa kasi ya kutisha: mboni ikitoka milimita 3 hadi 6, kosa kwenye wimbi la mwanga huongezeka mara 16. Retina hujitetea kidogo, kwa kuwa seli zake za mchana hupokea kwa udhaifu mwanga ulioingilia ukingoni mwa mboni. Stiles na Crawford waliligundua hilo mwaka 1933. Bila ulinzi huo, usiku wetu ungekuwa na ukungu zaidi.

Je, basi mboni ndogo kabisa ndiyo bora? Hapana. Mwanga ni wimbi, na wimbi likibanwa kwenye tundu dogo sana hutanuka likishapita. Mboni ikishuka chini ya milimita 2, kutanuka huko huanza kutawala, na mwanga wenyewe unakuwa mchache. Ndiyo sababu tundu la pini hurudisha herufi bila kuzifanya kali kama miwani sahihi inavyofanya. Mwaka 1966 Campbell na Gubisch walipima mwanga unaorudi kutoka retina, wakakuta picha bora hupatikana mboni ikiwa karibu milimita 2.4. Kwa matumizi yetu sema 2 hadi 3. Ishike namba hiyo, maana ushauri wangu mwingi wa taa huko mbele unalenga kuifikisha mboni yako hapo.

Hatua ya 2: Tenganisha mambo manne yanayofanywa na umri

Watu husema tu "macho yamezeeka". Kauli hiyo huficha mambo manne, na kila moja lina dawa yake.

Mboni husinyaa. Katika mwanga hafifu hupungua kwa wastani wa takriban milimita 0.4 kila miaka 10 ya utu uzima. Aliyekuwa na milimita 7 gizani katika miaka yake ya 20 anaweza kubaki na 4.5 anapokaribia 80, na hapo eneo la mboni limepungua kwa zaidi ya nusu. Kwenye jua kali tofauti ni ndogo, kwa sababu hata mboni ya kijana imeshasinyaa.

Lenzi hukakamaa. Huendelea kukua maisha yote, tabaka juu ya tabaka kama pete za shina la mti, na kadiri miaka inavyopita hushindwa kujitunisha ili kuona karibu. Hili ndilo linalojulikana zaidi, kwa sababu humpata kila mtu.

Lenzi hupoteza mizani yake na konea. Hapa ndipo somo hili linaponigusa zaidi. Konea huupinda kupita kiasi mwanga wa kingoni. Lenzi ya ujanani ina kosa la upande wa pili, na makosa hayo mawili hufutana kwa sehemu kubwa, kama wabeba machela wawili waliozoeana hatua. Konea hubadilika kidogo tu katika jambo hili. Lenzi ndiyo inayobadilika, na mtu anapofika miaka ya 60 haifuti tena kosa la mwenzake kama zamani. Pablo Artal na wenzake walilionyesha jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa liunganishe na lile la kusinyaa. Ukipanua kwa dawa mboni ya mzee na ya kijana, zote zifike milimita 6, jicho la mzee litachora picha mbovu zaidi. Lakini katika maisha ya kawaida mboni ya mzee haifiki huko. Imejifunga kabla, na imeziba zile kingo zilizoharibika. Wengi huiona mboni ndogo ya uzeeni kuwa hitilafu. Mimi naiona kama pazia lililoshushwa mahali panapostahili. Gharama yake ni mwanga, na mwanga tunaweza kuuongeza.

Jambo la nne ndilo gumu: lenzi hugeuka manjano na kuanza kutapakaza mwanga. Rangi ya bluu huzuiwa kwanza. Robert Weale alikadiria mwaka 1961 kwamba retina ya mtu wa miaka 60 hupata theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya mtu wa miaka 20. Na sehemu ya mwanga huo mchache haiendi inakotakiwa, bali hutapakaa ndani ya jicho na kuifunika picha kwa utando mweupe. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa taa ni hii: gawanya umri kwa 70, jibu ulizidishe lenyewe hadi nguvu ya nne, kisha ongeza 1. Katika miaka 35 ongezeko ni kama asilimia 6. Katika miaka 70 mwanga uliotapakaa umekuwa mara 2 ya ule wa ujanani. Katika miaka 80 ni kama mara 2.7. Hapa mboni finyu haisaidii sana. Tundu la pini huondoa ukungu wa kutolenga, ila haliondoi utando wa lenzi, na tofauti hiyo tutaitumia katika Hatua ya 5.

Hatua ya 3: Pima mboni zako

Kwenye macho ya kahawia iliyokolea mboni haijitofautishi na mviringo unaoizunguka, hasa gizani. Njia ninayoipendekeza ni ya video.

Kaa dakika 5 kwenye chumba chenye mwanga hafifu sana. Msaidizi ashike simu umbali wa sentimita 40 hadi 50 kutoka usoni pako, na rula iwekwe mlalo chini kidogo ya kope la chini. Wewe tazama ukuta wa mbali, pembeni kidogo ya simu. Usiitazame simu wala tochi, kwa sababu kutazama karibu nako huisinyaza mboni. Aanze kurekodi, kisha tochi iwashwe ghafla. Mboni huchelewa kama sekunde 0.2 kabla ya kuanza kujifunga, kwa hiyo kwenye video ya picha 30 kwa sekunde, zile picha 5 au 6 za mwanzo baada ya tochi kuwaka huonyesha mboni ikiwa bado na upana wake wa gizani, sasa ikiwa imeangazwa. Simamisha video hapo upime.

Kama rula haikuonekana, tumia mviringo wa rangi wenyewe. Kwa mtu mzima una upana wa karibu milimita 12, na hutofautiana kidogo sana kati ya mtu na mtu. Mboni ikichukua nusu ya upana huo, ni milimita 6. Ikichukua theluthi, ni 4.

Rudia ukiwa chini ya taa unayosomea, kisha ukiwa karibu na dirisha mchana. Andika namba tatu kwa kila jicho. Ile ya taa ya kusomea ndiyo yenye thamani kubwa: ikiwa 4 au zaidi, taa yako haitoshi.

Mboni mbili kupishana kidogo, chini ya milimita 1, ni jambo la kawaida kwa watu wengi wenye afya. Lakini tofauti iliyotokea ghafla, hasa ikiandamana na kope kulegea, kichwa kuuma au kuona vitu viwili viwili, haingoji kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Andika pia dawa unazotumia. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huisinyaza mboni, na baadhi ya dawa za mzio, za kichefuchefu cha safari na za sonona huitanua.

Hatua ya 4: Pima akiba yako ya kuona karibu

Vaa miwani ya mbali kama unayo. Funga jicho moja, shika ukurasa wa maandishi madogo kwa urefu wa mkono, usogeze polepole hadi herufi zianze kupata ukungu. Pima umbali kwa sentimita, kisha gawanya 100 kwa namba hiyo. Jibu ndilo akiba yako, kwa dayopta. Sentimita 25 ni dayopta 4, sentimita 50 ni dayopta 2.

Linganisha na kanuni ya Hofstetter ya kiwango cha chini kinachotarajiwa: 15 ukitoa robo ya umri. Miaka 40 inabaki na 5, miaka 48 inabaki na 3, miaka 52 inabaki na 2, na miaka 60 haina kitu. Kusoma kwa umbali wa sentimita 40 kunahitaji dayopta 2.5. Jicho huchoka likitumia zaidi ya nusu ya akiba yake, na hapo unaona kwa nini mambo huanza kwenye 40: nusu ya 5 ni 2.5 kamili, hakuna cha ziada. Kwa wa miaka 48 nusu ni 1.5, kwa hiyo kusoma kwa utulivu kunahitaji msaada wa kama dayopta 1. Kwa wa miaka 52 msaada ni 1.5. Kwa wa miaka 60 ni 2.5 nzima.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: rudia kipimo hicho mara mbili, kwanza kwenye mwanga hafifu wa jioni, halafu dirishani mchana. Tofauti ya majibu ni zawadi unayopewa na mboni kwa kujifunga. Hapa ndipo watu hujidanganya kwa miaka. Juani mboni ni milimita 2, maandishi yanasomeka, mtu anasema macho yangu hayana shida. Jioni mboni imefika 4 au 5, maandishi yanayeyuka, analaumu uchovu. Mzee anayesogea dirishani na gazeti lake anafuata kanuni sahihi kabisa ya fizikia, hata kama hakuna aliyewahi kumweleza.

Sasa tumia tundu la pini kwa kutazama mbali. Kama kila jicho linaona vizuri zaidi kupitia tundu, sehemu kubwa ya tatizo ni ya kulenga, na miwani sahihi itasaidia. Kama jicho haliboreki hata kidogo, au linazidi kuwa baya, kisababishi kinaweza kuwa mtoto wa jicho, retina au mshipa wa fahamu wa jicho. Hilo ni la daktari wa macho, na miwani iliyokwisha kutengenezwa haitalitatua.

Hatua ya 5: Soma taa moja ya usiku

Tafuta taa moja ya mbali usiku, iliyozungukwa na giza. Itazame kwa jicho moja moja.

Ukiona miale mirefu kama ya nyota, inamisha kichwa upande. Miale ikiinama pamoja nawe, imetengenezwa ndani ya jicho lako. Tazama tena kupitia tundu la pini. Miale ikitoweka na taa ikawa nukta safi, ulichokuwa ukikiona ni makosa ya kulenga na ya kingo, yaliyokuzwa na mboni pana ya usiku. Mtu akifinya macho huongeza miale ya aina nyingine inayotokana na kope na machozi, kwa hiyo fumbua macho sawasawa na upepese kwanza.

Kisha nyoosha mkono ufunike taa yenyewe kwa kidole gumba. Ule utando wa mwanga uliokuwa umeizunguka ukitoweka papo hapo, ulikuwa mwanga uliotapakaa ndani ya jicho. Ukibaki, uko hewani, labda ni umande au vumbi. Utando ulio ndani ya jicho na usioondoka kwa tundu la pini, hasa ukiwa mzito zaidi kwenye jicho moja kuliko lingine, ni ishara ya kawaida ya mtoto wa jicho anayeanza.

Miviringo yenye rangi za upinde wa mvua kuzunguka taa, ikiandamana na jicho jekundu, maumivu makali au kutapika, ni dharura. Inaweza kuwa presha ya jicho iliyopanda ghafla, na saa chache zinaweza kuamua kama utaona tena.

Hatua ya 6: Rekebisha mwanga kabla ya kuongeza namba ya miwani

Ukiongeza mwanga mahali pa kazi unapata faida mbili kwa mkupuo mmoja. Retina inapata mwanga iliokosa, na mboni inajifunga kuelekea milimita 2 hadi 3 na kufuta ukungu. Hakuna miwani inayoweza kufanya yote mawili.

Anza na umbali. Taa ndogo ikitolewa mita 1 na kusogezwa hadi sentimita 50 kutoka kwenye ukurasa, mwanga unaofika kwenye karatasi huwa mara 4. Huhitaji balbu kubwa, unahitaji shingo ya taa inayopinda. Taa ya darini iliyo katikati ya chumba haimtoshi mtu wa miaka 65 kusoma, hata ikimfanya kijana akunje uso.

Halafu pembe. Kadiri lenzi inavyotapakaza mwanga, ndivyo balbu iliyo wazi mbele ya macho inavyotia kiwi. Balbu isionekane kabisa kutoka pale ulipokaa. Iwe na kofia, ikae ubavuni na nyuma kidogo ya bega, upande usio na mkono wa kuandikia. Ukurasa unaong'aa uinamishe hadi weupe unaometa uondoke juu ya herufi.

Kiasi utakipata kwa kujaribu. Shika maandishi madogo kabisa unayohitaji kuyasoma, kama yale ya kwenye pakiti ya dawa, na usogeze taa taratibu. Kila hatua itarahisisha kusoma hadi ufike mahali ambapo kusogeza zaidi hakuongezi kitu. Simama hapo. Kiwi kikianza mapema, badilisha pembe kwanza. Usikimbilie kupunguza mwanga. Kisha pima mboni tena chini ya taa hiyo. Ikiwa imeshuka kutoka 4 hadi 3 au pungufu, umeshinda.

Kwa mzee usisahau njia za usiku. Jicho lake huchukua muda mrefu kuzoea giza baada ya kutoka mwangani, kwa hiyo taa ndogo ya chini kati ya kitanda na choo ina thamani kuliko taa kali inayowashwa ghafla. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi inayotofautiana na ngazi yenyewe. Watu wengi huzisoma herufi nyeusi za kliniki bila kukosea, kisha hujikwaa kwenye ngazi ya kijivu juu ya sakafu ya kijivu.

Nje, kofia yenye ukingo mpana huzuia mwanga wa juu usiokuhusu bila kukupunguzia mwanga wa kile unachokitazama. Miwani ya jua iwe inayozuia miale ya urujuanimno. Kioo cheusi tu kisicho na kinga hiyo huifungua mboni na kuiruhusu miale hiyo iingie.

Hatua ya 7: Miwani na skrini

Ukinunua miwani ya kusomea iliyo tayari, chagua namba ndogo kabisa inayokuwezesha kusoma kwa umbali uliozoea, chini ya taa uliyokwisha kuirekebisha. Namba kubwa inavutia dukani kwa sababu hukuza herufi, lakini inakusogeza karibu: kwa aliyemaliza akiba yake, namba 3 humfunga kwenye sentimita 33. Kompyuta iliyo mbali na hapo itakuwa na ukungu. Miwani hii ina namba sawa pande zote, hivyo haimfai mwenye macho yanayopishana.

Kwenye skrini, herufi nyeusi juu ya weupe huisinyaza mboni na kwa wengi husomeka kwa ukali zaidi. Hali ya giza, yenye herufi nyeupe juu ya weusi, hutanua mboni na kuchokoza kila kosa dogo la miwani. Mwenye mtoto wa jicho mara nyingi huona kinyume, kwa sababu weupe mwingi hutapakaa ndani ya lenzi yake. Jaribu zote mbili saa ya jioni, uamini macho yako.

Hatua ya 8: Barabarani usiku

Kosa la nusu dayopta ambalo mchana hulisikii huamka usiku mboni inapotanuka. Vaa miwani iliyopimwa karibuni, yenye kioo kilichopakwa kinga ya kuakisi. Safisha kioo cha gari ndani na nje, maana mafuta yake hutapakaza mwanga kama lenzi iliyozeeka. Gari likija mbele yako, elekeza macho kwenye mstari wa ukingo wa barabara wa upande wako. Miwani ya manjano inayouzwa kwa ajili ya kuendeshea usiku siipendekezi: inapunguza mwanga ambao tayari ni haba.

Hatua ya 9: Ukienda kwa daktari wa macho

Chukua daftari lako. Omba mambo mahususi: namba ya miwani ihakikiwe pia taa za chumba zikiwa zimepunguzwa, na upimwe uwezo wa kuona herufi zilizofifia, kwa mfano kwa chati ya Pelli-Robson, badala ya zile nyeusi peke yake.

Huenda ukawekewa matone ya kupanua mboni. Usiyakatae, kwa kuwa ndiyo yanayofungua mlango wa kuiona retina na mshipa wa jicho. Tropikamaidi, ambayo hutumika sana, kwa kawaida huchukua saa 4 hadi 6 kuisha. Njoo na miwani ya jua na usiendeshe gari. Mwambie daktari kabla kama uliwahi kuambiwa pembe za macho yako ni finyu.

Kuna pia matone yanayofanya kinyume. Pilokapini, dawa ya zamani ya presha ya macho, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kusomea: huisinyaza mboni ili ifanye kazi ya tundu la pini kwa saa kadhaa. Inafanya kazi kwa kanuni ile ile ya Hatua ya 1, na kwa mapungufu yale yale, yaani giza zaidi usiku. Retina ikaguliwe kwanza, hasa kwa asiyeona mbali, kwa sababu dawa za aina hii zimehusishwa na retina kubanduka. Vimulimuli vipya, nukta nyeusi nyingi zinazoelea ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja wa macho ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, uwe unatumia matone au hutumii.

Hatua ya 10: Kama lenzi inabadilishwa

Mtoto wa jicho akikomaa, lenzi huondolewa na kuwekwa ya bandia. Hapo zile namba zako za mboni zinapata kazi. Lenzi bandia ya umbo la kawaida huongeza kosa la kingo juu ya lile la konea. Ile iliyosawazishwa hujaribu kurudisha mizani ya ujanani. Faida yake huonekana zaidi kwa mwenye mboni inayotanuka usiku. Ambaye mboni yake haivuki milimita 3 ataona tofauti ndogo, na aijue kabla ya kulipia zaidi. Lenzi za kuona umbali tofauti kwa wakati mmoja hugawa mwanga, hivyo hupunguza ukali wa vitu vilivyofifia na huweza kuleta miviringo kwenye taa. Dereva wa usiku aulize hilo waziwazi. Anayetumia au aliyewahi kutumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume amwambie daktari wa upasuaji mapema, kwa sababu dawa hiyo hulegeza misuli ya mboni na upasuaji huhitaji maandalizi ya ziada.

Baada ya upasuaji, mboni itabaki na ukubwa wa umri wako na lenzi mpya haitajitunisha kuona karibu, kwa hiyo taa ya kusomea ibaki pale pale. Kitakachobadilika ni mwanga: bluu itarudi, na weupe utakuwa mweupe. Jicho likipona, rudia Hatua ya 3, 4 na 5 kwa jicho lililotibiwa na lile lingine, uandike majibu kwenye ukurasa mmoja.